Daktari Kolff na Mashine ya Kusafisha Damu

Ukichinja mbuzi utaziona figo zake. Ni mbili. Zimekaa nyuma, karibu na uti wa mgongo, na zimefunikwa mafuta. Umbo lake ni kama punje kubwa ya haragwe. Sisi binadamu nasi tunazo mbili, na kila moja inakaribia ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Figo za mbuzi wengi tunazijua kwa utamu wake. Kazi ya figo zetu wenyewe ndiyo hatuijui sana, na leo tutaieleza. Tutamweleza pia daktari mmoja wa Uholanzi, Willem Kolff, aliyejiuliza swali gumu: figo za mtu zikishindwa, je, tunaweza kutengeneza nyingine kwa mikono yetu?

KAZI YA FIGO

Tuanze jikoni. Kuni zikiungua hutoa moto, halafu hubakiza majivu. Majivu yasipozolewa, siku moja jiko litajaa na moto hautawaka. Mwili nao ni hivyo hivyo. Ukila ugali na maharage unapata nguvu, lakini mwili unabaki na taka. Taka hizo huingia katika damu. Moja ya taka hizo inaitwa yurea. Hutokana hasa na vyakula vya kujenga mwili, kama nyama, samaki, maziwa na maharage.

Mzoaji wa majivu hayo ni figo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, vipatavyo milioni moja. Huwezi kuviona kwa macho matupu. Damu hupita humo mchana na usiku, hata tukiwa tumelala. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 tu. Lakini damu hiyo hiyo huzunguka na kurudi, huzunguka na kurudi, hata kwa siku moja vichujio vya figo hutoa majimaji ya lita 180 hivi. Hizo ni ndoo 9 za lita 20! Usishtuke. Karibu maji yote hayo figo huyarudisha katika damu, pamoja na vitu vyenye faida. Kinachobaki ni lita moja au mbili za maji yenye taka. Huo ndio mkojo.

Figo zina kazi nyingine pia. Hupima maji na chumvi mwilini, husaidia kuweka sawa shinikizo la damu, yaani presha, na husaidia mwili kutengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo mara nyingi huvimba, presha yake hupanda na damu yake hupungua.

Figo zikishindwa kabisa, taka hujaa. Mgonjwa hana hamu ya chakula. Anatapika, anawashwa mwili, anachoka. Mwishowe anapoteza fahamu. Zamani hakukuwa na la kufanya. Daktari alimkataza chumvi na nyama, basi, akangoja.

KIJANA WA MIAKA 22

Sasa twende Uholanzi, nchi ndogo ya Ulaya, katika mji wa Groningen. Mwaka ni 1938. Willem Kolff ana miaka 27, na ni daktari mpya katika hospitali ya chuo kikuu. Katika wodi yake kuna kijana wa miaka 22, mtoto wa wakulima. Figo za kijana huyu zimekufa. Anatapika kila mara, na macho yake hayaoni tena.

Mama yake akaja kumwona. Alivaa gauni jeusi na kofia nyeupe, kama walivyovaa wanawake wa mashambani kwao. Kolff ndiye aliyepaswa kumwambia kwamba mwanawe wa pekee atakufa. Alimwambia. Kijana akafa. Kolff alilisimulia jambo hilo hata alipokuwa mzee sana.

Madaktari wengi walikuwa wamepeleka habari kama hiyo kwa akina mama wengi. Lakini Kolff alirudi akapiga hesabu. Alijiuliza: kwa siku moja mwili wa kijana huyu unatengeneza yurea kiasi gani? Jibu lilikuwa gramu 20 hivi. Hebu fikiri, ni kama vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Kijana mzima, mwenye nguvu zake, anakufa kwa sababu vijiko vinne au vitano kwa siku vimekosa njia ya kutokea! Kama mtu angepata namna ya kuvitoa, kijana angeendelea kuishi. Sisi tunaona kwamba kazi yote ya Kolff ilianza katika hesabu hiyo. Kabla yake ugonjwa ulikuwa kama ukuta. Baada ya hesabu ulikuwa mzigo, na mzigo una uzito unaojulikana.

Huyu Kolff alikuwa mtu wa namna gani? Alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Leiden. Baba yake alikuwa daktari, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mtoto alimwona baba yake akiteseka rohoni kila mgonjwa alipofariki, na kwa sababu hiyo hakutaka udaktari. Alitaka kutunza wanyama. Shuleni alipata taabu kusoma na kuandika, maana herufi zilimchanganya, na siku hizo walimu hawakuelewa kwamba kuna watoto wenye shida hiyo. (Msomaji uliyeanza kusoma ukiwa mtu mzima, unaijua taabu hiyo.) Lakini mikono yake ilikuwa hodari. Kila Jumamosi alasiri alikwenda kwa fundi seremala kujifunza kazi ya mbao. Useremala huo utamfaa baadaye, kama tutakavyoona.

MFUKO WA SOSEJI

Kolff alikwenda maktaba kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kusafisha damu nje ya mwili. Akakuta wapo. Mwaka 1913 huko Marekani, Profesa John Abel na wenzake walichuja damu ya mbwa kwa mirija. Shida yao ilikuwa moja kubwa. Damu ikitoka mwilini huganda. Sote tumeona damu ya mnyama ikiganda bakulini. Ili isigande, Abel alitumia dawa iliyotolewa katika ruba, wale wadudu wa majini wanaonyonya damu. Ruba anayo dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo maana akikuuma jeraha huvuja kwa muda mrefu. Mwaka 1924, daktari Mjerumani Georg Haas alimfanyia binadamu kwa mara ya kwanza. Lakini alichuja kwa muda mfupi tu, na wagonjwa wake hawakupona.

Kolff alikuwa na bahati mbili ambazo Abel hakuwa nazo. Ya kwanza ni dawa iitwayo heparini, bora kuliko ile ya ruba. Ya pili ni selofani. Selofani ni karatasi nyembamba, laini, inayopitisha mwanga. Ulaya waliitumia kutengeneza mifuko mirefu ya kutilia soseji, yaani nyama iliyosagwa.

Kwa macho, selofani haina tundu. Lakini kwa kweli ina matundu madogo sana. Chumvi, sukari na yurea hupita. Chembe za damu ni kubwa, haziwezi kupita. Sasa, jambo lenyewe ni hili. Ukitia kipande cha chumvi katika bakuli la maji, hata usipokoroga, baada ya muda maji yote yatakuwa na chumvi. Kitu kilichojaa mahali pamoja huelekea mahali ambapo ni haba. Basi ukitia damu yenye yurea nyingi katika mfuko wa selofani, ukauweka mfuko ndani ya maji yasiyo na yurea, yurea itatoka kwenye damu iingie kwenye maji. Damu inabaki mfukoni. Hayo maji hutiwa chumvi kwa kipimo, ili chumvi ya damu isitoke nayo.

Kolff alijaribu. Akatia damu kidogo katika kipande cha mfuko wa soseji, akaongeza yurea, akakitikisa katika maji ya chumvi. Baada ya muda mfupi alipima. Karibu yurea yote ilikuwa imekwisha toka. Kilichobaki kilikuwa hesabu nyingine: kama mfuko mdogo umesafisha damu ya vijiko vichache, mfuko wa kusafisha damu ya mtu mzima uwe na urefu gani?

VITA

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Uholanzi. Siku hiyo Kolff alikuwa mji wa The Hague kwa ajili ya mazishi. Ndege zilipoanza kutupa mabomu, alikwenda hospitali moja ya mji akauliza kama wana benki ya damu, yaani akiba ya damu ya kuwaongezea majeruhi. Hawakuwa nayo. Akapewa gari na askari, akazunguka madukani kutafuta chupa, mirija na sindano. Baada ya siku chache benki ya damu ilikuwa tayari.

Huko Groningen mambo yaliharibika. Mkuu wake, Profesa Polak Daniels, aliyekuwa amempa moyo katika utafiti wake, alikuwa Myahudi. Wajerumani walipoingia, yeye na mkewe walijiua. Nafasi yake akapewa mtu wa chama cha Hitler. Kolff alikataa kufanya kazi chini ya mtu huyo. Akahama, akaenda hospitali ndogo ya mji wa Kampen. Chuo kikuu akakiacha nyuma.

Hapo Kampen ndipo mashine ilipotengenezwa, wakati wa vita, wakati hata msumari ulikuwa shida kupatikana. Palikuwa na kiwanda cha sufuria na vyombo vya enameli. Mkuu wake, Hendrik Berk, alikubali kusaidia. Mafundi wa sufuria wakatengeneza beseni kubwa. Juu ya beseni wakaweka ngoma ya kuzunguka, iliyoundwa kwa vipande vya mbao. Mfuko wa selofani ukaviringishwa kwenye ngoma kama uzi unavyoviringishwa kwenye kibiringo, makumi ya mita. Nusu ya chini ya ngoma ilizama katika maji ya chumvi. Damu ilitoka katika mshipa wa mgonjwa, ikaingia katika mfuko. Ngoma ilipozunguka, damu ilitembea yenyewe mzingo kwa mzingo, ikioshwa, hadi upande wa pili, kisha ikarudi mwilini.

Palikuwa na tatizo moja la kifundi. Ngoma inazunguka, lakini mgonjwa amelala, hazunguki! Mrija wa kutoka kwa mgonjwa utaungwaje kwenye ngoma bila kujisokota na bila kuvuja? Kolff aliona jibu katika pampu ya maji ya gari la Ford, ambayo nayo ina kiungo kinachozunguka bila kumwaga maji. Akaiga kiungo hicho.

Tukumbuke kwamba wakati huo huo Kolff alikuwa akiwaficha watu waliotafutwa na Wajerumani. Aliwalaza hospitali kama wagonjwa. Kwa hiyo wodi ile ilikuwa na wagonjwa wa kweli, wagonjwa wa uongo, na mashine ya sufuria na selofani.

WAGONJWA 16

Mgonjwa wa kwanza aliunganishwa na mashine mwezi wa Machi 1943. Alikuwa mwanamke wa miaka 29, mtumishi wa nyumbani. Figo zake zilikuwa zimesinyaa na presha yake ilikuwa juu sana. Kolff alianza kwa uangalifu, damu kidogo kidogo. Mgonjwa akapata nafuu, akili ikarudi, akaweza kuzungumza. Lakini kila mara ilibidi kukata mshipa mwingine wa damu, maana mshipa uliokwisha tumika haukufaa tena. Baada ya mara 12 mishipa ikaisha. Mashine ilikuwa bado nzima, ila hapakuwa tena na mahali pa kuingilia. Mgonjwa akafariki.

Akaja wa pili, wa tatu, wa nne. Kati ya wagonjwa 16 wa kwanza, 15 walikufa. Mmoja alipona, na Kolff mwenyewe, kwa kusema kweli, alieleza kwamba huyo mmoja pengine angepona hata bila mashine.

Hapa msomaji ana haki ya kusimama na kuuliza. Je, ilikuwa halali kuendelea? Huyu si alikuwa anajaribu watu kama mtu anavyojaribu mbegu? Sisi tumelifikiria swali hilo na tunaona mambo mawili. Kwanza, alipokea wagonjwa ambao kwa hakika walikuwa wanakufa, na dawa nyingine haikuwapo. Pili, kila mmoja alimfundisha kitu. Alipima yurea kabla na baada. Alijua mashine inatoa taka kweli, kwa kuwa wagonjwa waliozimia walizinduka, hata kama ni kwa siku chache. Kama vipimo vingeonyesha kwamba yurea haitoki, na bado akaendelea, tungesema amekosa. Hata hivyo hatutaki kulifanya jambo hili jepesi. Kulikuwa na jamaa 15 waliokwenda makaburini.

Mwezi wa Septemba 1945, vita vikiwa vimekwisha, aliletwa mgonjwa wa 17. Alikuwa mama wa miaka 67, mfungwa. Kosa lake lilikuwa kuwaunga mkono Wajerumani wakati wa vita. Uholanzi ilikuwa imetoka tu kwenye njaa na mauaji, na watu kama yeye walichukiwa kupita kiasi. Wako waliosema wazi kwamba afadhali afe. Kolff, ambaye alikuwa amewaficha watu wasikamatwe na Wajerumani hao hao, alimwunganisha na mashine. Kwake mgonjwa ni mgonjwa.

Mama yule alikuwa amezimia kabisa. Mashine ilizunguka saa 11. Akafumbua macho. Maneno ya kwanza aliyotamka, kama Kolff alivyosimulia, ni kwamba atamwacha mumewe. Mume alikuwa adui wa Wajerumani, na mke rafiki yao, kumbe ugomvi wa nyumbani ulikuwa haujaisha! Kweli akamwacha. Figo zake zikaanza kufanya kazi tena, akaishi miaka kadhaa, akafa kwa ugonjwa mwingine. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye tunaweza kusema bila wasiwasi kwamba mashine ya figo ilimwokoa.

Angalia sababu ya kupona kwake. Figo zake zilishindwa ghafla kwa ajili ya ugonjwa mwingine, lakini hazikuwa zimekufa. Zilihitaji muda wa kupumzika, na mashine ikazishikia zamu. Yule mtumishi wa miaka 29 figo zake zilikuwa zimekwisha, na mashine ya wakati ule haikuweza kushika zamu milele.

MRIJA WA SCRIBNER NA WATU SABA

Baada ya vita Kolff hakuzificha mashine zake. Alizigawa bure kwa hospitali za nchi nyingine, zikaenda London, New York na Montreal. Michoro yake alimpa aliyetaka. Mwaka 1950 alihamia Marekani, akafanya kazi Cleveland. Huko, mwaka 1956, akatoa mashine ndogo zaidi. Mfano wake wa kwanza aliutengeneza kwa makopo ya maji ya matunda. Baadaye alijaribu hata mashine ya kufulia nguo, ili wagonjwa waweze kusafishwa damu nyumbani kwao. Unaona, mtu huyu hakuacha useremala wake.

Lakini lile tatizo la mishipa lilibaki. Aliyelitatua ni daktari mwingine, Belding Scribner wa mji wa Seattle, Marekani. Mwaka 1960 alitumia mrija mdogo wa plastiki laini sana iitwayo Teflon, ambayo damu haigandi juu yake kwa urahisi. Ncha moja aliiingiza katika mshipa unaoleta damu mkononi, na nyingine katika mshipa unaoirudisha. Mrija uliachwa hapo hapo mkononi. Siku ya kusafisha damu unaunganishwa na mashine, ukimaliza unafungwa, mgonjwa anakwenda zake. Mgonjwa wa kwanza, Clyde Shields, fundi wa mitambo, aliishi miaka 11 bila figo zinazofanya kazi. Mwaka 1966 madaktari wa New York wakatoa njia bora zaidi, ya kuunganisha mishipa miwili ya mkono kwa upasuaji. Mshipa ukapanuka na kuwa imara, ukaweza kuchomwa sindano tena na tena. Njia hiyo inatumika mpaka leo.

Hapo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kituo cha Seattle kilifunguliwa mwaka 1962 kikiwa na vitanda 3 tu. Wagonjwa walikuwa wengi. Nani aingie, nani aachwe? Madaktari hawakutaka kuamua peke yao. Ikaundwa kamati ya watu saba wa mji ule, wakiwemo mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani na kiongozi wa wafanyakazi. Watu hao walikaa wakasoma habari za kila mgonjwa. Ana umri gani? Ana watoto? Ana kazi? Anakwenda kanisani? Halafu wakachagua. Waliochaguliwa waliishi. Wengine walikufa.

Habari hizo zilipotangazwa gazetini, Wamarekani wengi waliona aibu. Walisema mtu asiyeolewa, au asiye na kazi, naye ni mtu. Mabishano yaliendelea kwa miaka 10. Mwaka 1972 ikatungwa sheria kwamba serikali italipia karibu kila Mmarekani ambaye figo zake zimekufa. Kamati haikuhitajika tena huko. Katika nchi maskini kamati hazikuwapo, lakini uchaguzi ulikuwapo, na upo hata leo. Unafanywa na bei.

Kolff mwenyewe mwaka 1967 alihamia chuo kikuu cha Utah, akashughulika na viungo vingine vya kutengenezwa. Tarehe 2 Desemba 1982, moyo wa plastiki uliotengenezwa katika kituo chake uliwekwa kifuani mwa Barney Clark, daktari wa meno, akaishi nao siku 112. Hiyo ni habari ndefu ya peke yake. Mwaka 2002 Kolff na Scribner walipewa pamoja tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa za utabibu. Kolff alifariki tarehe 11 Februari 2009. Zilibaki siku 3 atimize miaka 98.

KWETU

Mashine za kusafisha damu zipo Tanzania. Zamani zilikuwa haba mno, siku hizi zimefika katika hospitali kadhaa kubwa za mikoani. Mwaka 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, yaani kumwekea mgonjwa figo ya mtu mwingine. Mwaka 2018 ilifuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Anayetoa figo moja, akiwa mzima wa afya na amepimwa vizuri, anaweza kuishi kwa figo inayobaki.

Lakini tusidanganyane. Mgonjwa wa mashine kwa kawaida husafishwa damu mara 3 kwa wiki, na kila mara ni saa 4 hivi. Mkulima anayekaa mbali na mji wa mkoa hawezi kulima wala kuchunga kwa ratiba hiyo. Gharama ni kubwa, na nauli juu yake. Ziko familia zilizouza ng'ombe, kisha shamba, na bado fedha hazikutosha. Yale majivu ya vijiko vinne au vitano, ambayo figo nzima huyazoa bure kila siku, kuyatoa kwa mashine ni kazi ya kumfilisi mtu.

Kwa hiyo yafaa kujua figo huharibiwa na nini. Kwanza ni presha na kisukari. Magonjwa haya mawili huharibu vile vichujio polepole, mwaka hadi mwaka, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Kichocho cha mkojo nacho, kisipotibiwa, huweza kuziba njia za mkojo, maji yakarudi nyuma yakaharibu figo. Kwa hiyo mtoto anayekojoa damu asiambiwe kwamba anakua. Ana ugonjwa, na dawa yake ipo. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, vikimezwa kila siku bila ushauri, huumiza figo. Dawa nyingine za mitishamba nazo ni sumu kwa figo, na aliyekuuzia hawezi kukuambia kipimo.

Kuna pia kushindwa kwa ghafla, kama kwa yule mama wa mwaka 1945. Kwetu huletwa na malaria kali, kuhara sana, au kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Mtoto anayeharisha anaweza kukosa mkojo kutwa nzima kwa kuwa maji yamemwishia. Mpe maji ya ORS mapema, na umpeleke zahanati. Figo za namna hii zikiwahiwa mara nyingi hurudi.

Ukiona uso umevimba asubuhi, miguu imejaa, mkojo una povu jingi lisiloisha au una damu, au umepungua sana bila sababu, usingoje. Na ukiwa na presha au kisukari, usingoje hata dalili, maana dalili huja wakati sehemu kubwa ya figo imekwisha haribika. Nenda ukaombe upimwe presha na mkojo. Kipimo cha mkojo ni rahisi. Mhudumu huchovya kijiti chenye vipande vya karatasi, hungoja dakika moja au mbili, kisha hulinganisha rangi yake na rangi zilizochorwa kwenye kichupa. Rangi ikionyesha protini, maana yake kile chujio kimeanza kupitisha kitu ambacho kilipaswa kubaki katika damu. Hapo mganga atakuandikia kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, ambacho huonyesha figo zimebaki na nguvu kiasi gani.